Nusu ya Leo na Nusu ya Jana

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolala juu ya matofali, nje ya duka la fundi cherehani, pale barabara inapokata kona kwenda hospitali. Katikati umelika kwa kukaliwa, na mgeni akikaa hapo kwa mara ya kwanza husogea mwenyewe bila kuambiwa, maana huona wazi kwamba lile bonde si lake. Wenyewe ni watano. Yupo Futi, mwenye duka, ambaye utepe wa kupimia haumtoki shingoni hata akienda kuoga. Yupo Karani, aliyestaafu ukarani lakini ukarani wenyewe haujamstaafu. Yupo Breki, dereva wa lori, aliyepewa jina hilo kwa kejeli kwa sababu mdomo wake hauna kitu hicho. Yupo Mama Buli, muuza kahawa, anayekaa mwisho wa ubao karibu na jiko lake. Wa tano ni Popo, aliyekuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu, kazi ilimwachia, usiku ukakataa kumwachia. Asubuhi hiyo nafasi ya Popo, ile ya ukutani, ilikuwa tupu, na hakuna aliyeigusa.

Habari walikuwa nazo tangu mapema. Alfajiri binti yake alimpelekea chai chumbani, akamwita, akamtikisa, akamnyunyizia maji, na baba hakufumbua hata jicho. Alikuwa anakoroma kwa mbali, koromo moja, kisha kimya kirefu, kisha jingine. Midomo ilikuwa imegeuka rangi. Majirani wakambeba, gari likapita pale pale mbele ya benchi likielekea hospitali, na Futi, aliyekuwa anafungua milango ya duka, akaiona miguu ya rafiki yake ikitokeza dirishani, moja ina kiatu na moja haina.

Sasa ilikuwa saa nne. Mama Buli alimimina vikombe vitatu, mkono ukamimina na cha nne kwa mazoea. Alikitazama kidogo, kisha akairudisha kahawa kwenye buli.

— Mimi nawaambia, yule mtu amechoka tu, alianza Breki. Miaka ishirini na sita hajalala usiku. Mnadhani usingizi wote ule ulikwenda wapi? Ulikuwa unamsubiri. Jana umemkuta, umemwangukia wote kwa pamoja.

— Usingizi hauwekwi ghalani kama mahindi, alisema Karani.

— Unawekwa! Mimi niliwahi kuendesha siku nne mfululizo. Nilipofika nikalala. Wenye mzigo wakashusha wote, wengine wakaja wakapakia mwingine, na mimi nimo humo humo ndani ya lori. Mvumilivu hula mbivu.

— Sasa hiyo methali inaingiaje hapo?

— Nilivumilia, nikalala. Hiyo siyo mbivu?

Siku nyingine wangecheka mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wageuke. Leo Karani alivuta tu pumzi puani na kufuta miwani yake kwa pindo la shati.

— Tuzungumze kama watu wazima, alisema. Mimi nilisoma. Kila binadamu huzaliwa na kipimo chake cha usingizi. Asiyekitumia mpaka miaka sitini, ubongo hujifunga wenyewe, kama ofisi inavyofungwa jioni. Huwezi kubisha hodi ukafunguliwa. Mpaka kesho yake.

— Kwa hiyo ataamka kesho?

— Ninasema kwa mujibu wa nilichosoma.

— Na kahawa je? alidakia Breki. Mtu anakunywa vikombe saba kwa siku, halafu anashangaa halali!

— Ishia hapo hapo, alisema Mama Buli. Kahawa yangu imenywewa na mume wangu miaka thelathini, na mpaka leo akiweka kichwa kwenye mto ni kama umemzima taa. Msitafute mchawi jikoni kwangu. Lile ni jicho la husuda.

— Jicho la nani?

— Najua? Juzi si alisimama hapa akasema, mbele za watu, "siku hizi nalala kama mtoto mchanga"? Mtu hasemi hivyo hadharani. Mji huu wangapi hawalali? Wapo waliomsikia wakameza mate.

Siku hizi nalala. Futi mwenyewe alikuwepo Popo aliposema hivyo, na Popo alimtazama yeye, akamkonyezea jicho, na Futi akajisikia vizuri siku nzima, kama mtu aliyemvusha kipofu barabara. Leo alishika kikombe kwa mikono miwili na hakunywa.

— Kuna babu mmoja kule kwa mama yangu mkubwa, Breki alikuwa anaendelea, yeye alilala siku tisa. Tisa, nahesabu na usiku wake. Wakachimba na kaburi. Siku ya tisa akaamka anazungumza lugha ambayo hakuna mtu aliyeijua. Wakamleta mwalimu kutoka mbali aje amsikilize. Mwalimu akasikiliza wee, akasema, "Jamani, anaomba maji." Kumbe ulimi ulikuwa umekauka tu.

— Breki.

— Eeh?

— Mwenzetu yuko mahututi.

— Ndiyo maana nasema, Karani! Nasema ili nisikae kimya. Nikikaa kimya naiona ile miguu aliyoisema Futi.

Gari moja lilipita, likapunguza mwendo kwenye kona, wote wakalitazama, likaendelea na safari zake.

— Lakini mimi sitawaamini hao wa hospitali, Breki alirudi tena, sauti imeshuka. Wakimwona mzee hana mtu, si watamchoma nusu kaputi wasisumbuliwe?

— Wamchome nusu kaputi mtu aliyeingia amelala? aliuliza Mama Buli.

— Hujui maana ya neno hilo, alisema Karani. Mimi nilipopasuliwa ngiri nililiuliza. Nusu kaputi ni usingizi wa kupasuliwa. Wanapokulaza, yupo mtaalamu anakaa hapa, kichwani kwako, kazi yake ni moja tu: kukuhesabia pumzi. Haangalii tumbo linavyokatwa, hachungulii dirishani, hatoki hata kwenda kujisaidia. Anahesabu mpaka unaamka. Niliwauliza, kwa nini inaitwa nusu? Mmoja akanijibu kwa utani: mzee, ukiwa na mtu wa kukuhesabia pumzi, ni nusu. Ukiwa huna, ni kaputi kamili.

Hapo Futi aliweka kikombe chini, kikayumba, kahawa ikamwagika kwenye ubao. Nani alimhesabia Popo pumzi?

— Tatizo lake huyu ni usiri, alisema Breki. Kama alikuwa anaumwa, si angesema? Mficha maradhi kifo humuumbua.

Breki mwenyewe, baada ya kuisema methali hiyo, aliinamia kikombe chake kana kwamba kimedondokewa na kitu. Karani alirudia kufuta miwani iliyokwisha kufutwa. Mama Buli alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Futi aliwatazama, akadhani wanamhurumia Popo tu. Akajiona yeye peke yake pale ndiye mwenye siri, amekaa katikati ya watu wasio na hatia wanaosingizia jicho na ghala la usingizi, na yeye anajua.

Ilianza miezi miwili nyuma. Popo aliingia dukani jioni, macho mekundu, akakaa kwenye mkeka wa mabaki ya vitambaa na kusema, "Futi, nikifumba macho nasikia geti linagongwa. Nafumbua, hakuna geti." Alisema hivyo tu. Futi alikuwa na vidonge kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Vilikuwa vya marehemu mke wake, aliyevipata hospitali mwaka uliopita, mwezi mmoja kabla hajafa na ugonjwa mwingine kabisa. Daktari alimwambia Futi akisikia: kimoja usiku, wiki mbili tu mama, zaidi ya hapo urudi nikuone. Basi Futi akachukua wembe wa kufumulia mishono, akakata kidonge katikati, akampa rafiki yake na kumwambia, "Chukua nusu. Heri nusu shari kuliko shari kamili." Alijiona mwenye busara sana. Kesho yake Popo alikuja asubuhi uso umekunjuka, amekuja na machungwa, akasema amelala mpaka jua likamkuta.

Tangu siku hiyo, kila jioni, nusu. Vya marehemu vilipokwisha, Futi alikwenda duka la dawa na cheti cha dawa cha marehemu, kile cha zamani, muuzaji akakitazama kwa jicho moja huku anaongea na simu, akampa pakiti nyingine. Mwezi uliofuata akarudi tena. Mwanamke alikuwa kaburini na cheti chake kinaendelea kununua dawa. Jambo hilo Futi hakumwambia mtu yeyote, hata Popo mwenyewe.

— Yule siyo binti wa Popo? alisema Mama Buli.

Alikuwa yeye. Alikuja kwa miguu kutoka upande wa hospitali, anatembea haraka bila kukimbia, gauni la jana, kitambaa cha kichwa kimefungwa upande. Anafundisha watoto wadogo, na mkononi alikuwa na daftari la shule na kalamu, na simu. Jina la utani hana, kwa sababu hajawahi kukaa pale. Katika miaka yote saba ambayo baba yake amekaa kwenye ubao ule, yeye alipita tu na kusalimia.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu. Anaendeleaje?

— Anapumua kwa kusaidiwa. Wamemwingizia mpira mdomoni.

Breki alishika kichwa. Mama Buli alisema "ee Mola" na kuinuka ampe kiti, lakini binti alibaki amesimama.

— Dakta anasema kama ni dawa ya usingizi, ipo dawa ya kumzindua. Lakini haichomwi kwa kubahatisha. Ameniambia nizunguke kila mahali baba anapokaa, niulize swali moja. Na baba hakai mahali pengine, ni hapa tu. Basi nauliza: baba alimeza nini?

Kila mtu alitazama kitu chake: jiko, gurudumu la baiskeli iliyopita, kucha.

— Umeangalia nyumbani? aliuliza Karani.

— Nimepekua mpaka chini ya godoro. Hakuna pakiti, hakuna chupa.

— Wazee wana mambo yao, alisema Breki, pengine...

Binti alikuwa amefungua daftari, ameandika tarehe juu ya ukurasa kwa mwandiko ule mzuri wa walimu, na anasubiri, kama anavyowasubiri wanafunzi wake.

— Nilimpa nusu, alisema Futi.

— Nusu ya nini, baba?

— Kidonge cha usingizi. Vilikuwa vya marehemu mke wangu. Nusu tu. Jana, saa kumi na mbili jioni.

Binti aliandika. Hakuinua uso, hakumlaumu, na hilo lilimuumiza Futi kuliko kama angepigwa kofi. Alingoja macho ya wenzake yamgeukie. Badala yake akasikia mtu anakohoa.

— Mimi nilimpa dawa ya kikohozi, alisema Breki.

— Baba alikuwa anakohoa?

— Hapana. Ile dawa inalaza. Kifuniko kimoja... hapana, sikujaza. Nusu kifuniko. Juzi na jana.

Karani alivaa miwani.

— Vidonge vyangu vya mafua, alisema kwa sauti ya kiofisi. Vile vinavyoleta usingizi. Jana nilimkatia nusu. Nilimwonya asizidishe, tena nilimwandikia kwenye karatasi.

— Karatasi nimeiona, alisema binti. Imeandikwa "asizidishe". Haikuandikwa asizidishe nini.

Mama Buli naye alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya khanga.

— Mwanangu, mimi ni vya mgongo. Nilivyopewa nilipopasuliwa. Ni vikali, nilikuwa nikimeza kimoja naona nyumba inazunguka. Ndiyo maana nikamkatia. Alikaa hapa jana mchana, amechoka, nikamwonea huruma. Nusu.

Futi aliwageukia mmoja mmoja. Wote wanne walikuwa wamekaa ubao mmoja, magoti yanagusana, na kila mmoja alikuwa na wembe wake.

— Kumbe sote, alisema Breki.

— Penye wengi hapaharibiki neno, alisema Karani, maana ulimi wake umezoea kufunga mazungumzo kwa methali. Kisha akakisikia alichokisema, akafumba mdomo kwa kiganja.

Binti alipiga simu, akaiweka sauti kubwa na kuilaza juu ya daftari ili wote wasikie. Ilipokea sauti ya mwanamke kijana, imechoka. Nyuma yake kulikuwa na kitu kinacholia kwa mpigo, ti, ti, ti. Binti alisoma orodha: nusu ya usingizi, nusu ya mgongo, nusu ya mafua, nusu kifuniko cha kikohozi.

— Pombe? aliuliza daktari.

— Hanywi, walijibu wanne kwa pamoja.

— Vizuri. Yupo hapo aliyempa cha usingizi?

— Nipo, mwanangu, alisema Futi. Dakta.

— Mzee, jina la dawa unalo?

Futi aliingia dukani, akavuta droo, vifungo vikamwagika sakafuni. Alirudi na pakiti, akalisoma jina lake herufi kwa herufi, na nguvu iliyoandikwa kando. Daktari alirudia kila herufi.

— Sasa nisikilize vizuri. Hiyo nusu alimeza jana tu, au amekuwa akimeza siku nyingi?

Futi alifungua kinywa. Kabla sauti haijatoka, Breki alimshika goti na kumnong'oneza:

— Sema jana. Sema jana achomwe hiyo dawa, aamke, yaishe. Ukianza habari za miezi wataita polisi.

— Na jana ni kweli, Karani alinong'ona upande wa pili. Hutakuwa umesema uongo.

Na kweli isingekuwa uongo. Hapo ndipo Futi alipouona ubaya wa kitu alichokipenda muda wote huo. Angeweza kumpa daktari ukweli kama alivyompa Popo dawa: umekatwa vizuri, kipande kidogo, hakimdhuru mtu. Jana, saa kumi na mbili, nusu. Cheti cha marehemu kingebaki kwenye droo. Mwenye duka la dawa asingejulikana. Binti huyu angeendelea kumwita baba.

— Mzee? ilisema simu. Nauliza kwa sababu. Kama ni mara moja, nina sindano ya kumzindua iko mkononi, namchoma sasa hivi. Kama mwili umeshaizoea, sindano hiyo hiyo inaweza kumtia degedege, na kwa hali aliyonayo sitaweza kuituliza. Nahitaji kujua.

— Miezi miwili, alisema Futi.

Breki aliachia goti lake.

— Kila siku?

— Kila siku. Siku nilizosafiri nilimwachia. Nilikuwa nanunua kwa cheti cha mke wangu, na mke wangu amekufa mwaka jana. Nilijua siyo sawa. Nilijua, dakta.

Ti, ti, ti, ililia ile mashine. Kisha wakasikia daktari akimwambia mtu aliye karibu naye, "Iweke chini. Hatumchomi hiyo."

— Ahsante, mzee, alisema. Sasa na mimi niwaeleze, nyote mliopo. Mtu wa umri wake dawa hii haitoki mwilini upesi. Nusu ya leo inaikuta nusu ya jana bado imekaa, na ya juzi nyuma yake. Mlidhani mnampa nusu. Alikuwa anatembea na vidonge kadhaa ndani. Hapo bado angeweza kuamka. Lakini ya mgongo na hiyo ya kikohozi ni ndugu, na zikikutana na ya usingizi, mwili unasahau kupumua. Nani alitoa ya mgongo?

— Mimi, mwanangu, alisema Mama Buli.

— Umefanya vizuri kusema. Hiyo ina dawa yake, na nitampa, kidogo kidogo. Ile ya usingizi, tutampumulia wenyewe mpaka ijitoe. Inaweza kuchukua siku mbili, tatu.

— Atapona? aliuliza binti.

— Bado siwezi kukuahidi. Lakini nusu saa iliyopita nilikuwa natembea gizani, na sasa naona ninapokanyaga.

Binti alikaa. Alikaa bila kuangalia, kwenye ile nafasi ya ukutani ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa tangu asubuhi, na hakuna aliyemwambia ni ya nani. Mama Buli alimshika bega. Kwa mara ya kwanza siku ile machozi yalimtoka binti, ya kimya, yakadondoka kwenye daftari na kulowesha neno "mafua".

— Jambo la mwisho, ilisema simu. Akiamka itabidi tumwachishe dawa hii polepole, wiki hadi wiki, siyo kwa siku moja. Na usingizi utamkataa tena, pengine vibaya kuliko mwanzo. Nisipojua chanzo, mwezi ujao atakuwa anatafuta nusu kwa watu wengine. Basi nisaidieni. Ni kitu gani kilikuwa kinamnyima usingizi?

Breki alinyanyua kidole, kama mtu mwenye jibu. Kidole kikabaki juu, kisha kikashuka chenyewe.

Binti alingoja. Aliwatazama wazee mmoja mmoja.

— Mimi nilidhani ninyi mnajua, alisema. Nyumbani haongei. Anakula, anashukuru, anakwenda kukaa gizani. Nikimwona anakuja huku kila asubuhi nilikuwa nafarijika. Nilikuwa nasema, angalau kule ana watu wa kumsikiliza.

Karani alitazama mikono yake. Futi alijaribu kukumbuka. Alimjua Popo kifua na kiuno, alijua bega lake la kushoto limeshuka kwa miaka ya kuning'iniza rungu, alijua anapenda suruali yenye mfuko wa siri. Alikumbuka ile jioni ya kwanza, na geti. Nasikia geti linagongwa. Mtu yeyote angeuliza: geti gani? Lilikuwa linagongwa na nani, na wewe ulifungua au hukufungua? Hilo swali lilikuwa pale mlangoni, limefika lenyewe, na yeye Futi alinyoosha mkono kwenye droo.

— Hallo? ilisema simu. Mpo?

— Tupo, dakta, alisema Futi.

— Aliwaambia ni nini?

Wenzake walikuwa wanamtazama, hata Breki, ambaye mdomo wake ulikuwa umefungwa kabisa.

— Andika, mwanangu, Futi alimwambia binti, kwa sababu alitaka ibaki kwenye karatasi. Andika kwamba tumekaa naye miaka saba, na hatukuwahi kumwuliza.